Gramu Thelathini na Nane

Mume wangu mtaa mzima unamwita Gramu, na jina hilo hakupewa na maadui zake. Nilimpa mimi, mkewe wa ndoa, mbele ya wateja watatu waliokuwa kwenye benchi wakisubiri picha za pasi. Mmoja wao alikuwa fundi wa kuziba pancha, mtu ambaye hana kifua hata kidogo, na kufika jioni jina lilikuwa limeshavuka barabara. Hilo sijutii. Yako mengine ninayoyajutia, nitayafikia.

Tuna studio. Ni chumba kimoja tulichokigawa kwa pazia. Mbele kuna kaunta, mashine ya fotokopi, kioo, na kitana tulichokifunga kwa kamba kwa sababu watu huondoka nacho. Nyuma kuna kitambaa cheupe ukutani, kigoda, taa mbili na kamera. Huko nyuma ni kwangu. Mimi ndiye ninayepiga picha za pasi na za vitambulisho, na shule zikikaribia kufunguliwa nafikisha watu sitini kwa siku. Kidevu juu, usicheke, usifumbe macho, tayari, mwingine aje. Mume wangu yeye ni msanii. Anapiga harusi, na zisipokuwepo harusi anapanda milimani kupiga ukungu. Ukungu haujawahi kuja kuchukua picha zake.

Kamera ya huko nyuma inakaa juu ya stendi ya miguu mitatu, ya chuma, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Ni nzito, lakini ukiiweka imewekwa. Watoto wameikimbilia na kuigonga, mzee mmoja aliiegemea dakika kumi akidhani ni nguzo ya nyumba, na haikusogea hata kidogo.

Sasa nije kwa Mama yangu. Mama anakaa na mdogo wangu juu kabisa ya kilima, mahali ambapo barabara ya gari inaishia chini na unapanda kwa miguu saa mbili nzima. Kushuka hataki, tumeshambembeleza tukachoka. Siku moja mdogo wangu akapiga simu akasema daktari wa macho aliyepita kijijini kamwona Mama, na ugonjwa ni presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakwenda, la kulia lilikuwa linaelekea hukohuko, na daktari alisema wazi kwamba kilichokwisha hakirudi. Nikaanza kulia palepale kwenye kaunta. Mama akamnyang'anya mdogo wangu simu.

"Wewe, acha kunililia, sijafa," akasema. "Mwambie mumeo aje na hiyo mitambo yake. Mniweke katikati, wewe huku, mdogo wako huku. Halafu muitoe kubwa, kubwa kama mlango wa kabati. Nataka nituone sote watatu kabla hili jicho halijafunga duka."

Huwezi kuamini, lakini picha ya sisi watatu haikuwahi kuwepo. Kwenye harusi yangu Mama alikuwa jikoni. Kwenye harusi ya mdogo wangu alikuwa jikoni. Ukifungua albamu yoyote ya ukoo wetu, Mama ni yule ambaye hayupo. Kwa hiyo hilo lilikuwa ombi lake la kwanza la namna hiyo, na lilikuwa na mwisho wake unaojulikana.

Masharti yalikuwa magumu kidogo. Flashi ilimchoma macho, na nje kwenye jua jicho lilitoa machozi likajifumba lenyewe. Ilibidi apigwe ndani, kwenye kiti chake kando ya dirisha, kwa mwanga uleule hafifu, na kamera iachwe wazi kwa sekunde moja au mbili ili inywe mwanga wa kutosha. Hakuna mkono wa binadamu unaotulia sekunde mbili. Bila stendi, picha hakuna.

"Nitafanya," mume wangu akasema, na macho yakamng'aa. Ningejua ningeogopa.

"Beba hii ya chuma, twende Jumamosi," nikamwambia.

"Hii?" Akaitazama stendi ya baba yake kwa jicho ambalo hata mkwe mbaya hatazamwi nalo. "Mara ya mwisho kuipandisha kile kilima bega lilichubuka wiki nzima. Siku hizi dunia imebadilika, mke wangu. Kuna stendi za safari. Nyepesi. Mimi sipandi tena na kitu kinachozidi kilo moja."

Nikasema haya, chagua basi. Neno hilo "chagua" ningelimeza.

Akanunua daftari. Akachora mistari: uzito, urefu ikifunguliwa, urefu ikikunjwa, miguu ya kukaza kwa kuzungusha, miguu ya kubana kwa kibanio. Akaingia kwenye kundi moja la kwenye simu linaloitwa Safari Nyepesi, lenye watu mia mbili na kumi na wawili wanaobishana kuhusu stendi toka kucha mpaka kuchwa. Yumo mmoja huko wanamwita Profesa wa Kaboni, kwa ajili ya stendi za kaboni, zile nyeusi zilizo nyepesi kuliko chuma. Kila swali analijibu yeye, kila jibu ni refu kama wosia, na siku nilipomuuliza mume wangu huyu Profesa amesafiri wapi na wapi, ikaonekana hajawahi kutoka mjini kwao. Anasubiri apate stendi inayofaa.

Stendi ya kwanza ilikuwa nyepesi kweli, haki yake nampa. Akaisimamisha sebuleni, akafunga kamera juu, akawasha feni ili aone itavumiliaje upepo. Feni ilipogeuza uso, stendi ikalala. Kamera aliidaka kwa tumbo. Ikarudishwa dukani.

Ya pili ilikuwa imara, lakini ilimfika magotini. "Hii ni kwa ajili ya kupigia chini," akanieleza. Nikamuuliza, kwani Mama yangu ni sisimizi? Ikarudishwa.

Ya tatu ndiyo iliyonimaliza. Ilikuwa na ndoano katikati, na maelezo yake yalisema kukiwa na upepo utundike hapo mfuko wenye uzito. "Uzito gani?" nikauliza. "Mawe, kwa mfano," akasema, bila aibu, mtu mzima na ndevu zake. Jamani! Mtu anatafuta wepesi mwezi mzima, akiupata anabebeshwa mawe! Siku hiyo nilicheka mpaka mteja mmoja aliyekuwa kwenye kigoda akacheka na yeye, na picha yake ya pasi ikaharibika.

Mizani hatukuwa nayo. Jirani yetu ukuta kwa ukuta ni mwoka mikate, naye ana mizani nzuri ya kupimia unga, inayosoma mpaka gramu moja. Kila asubuhi mume wangu alikwenda pale na stendi kwapani. Mwokaji anafuta unga, stendi inalazwa, wanainama wote wawili wanasoma. Halafu, kwa sababu si adabu kutumia mizani ya mtu bure, mume wangu anakula mkate. Wa moto, na siagi. Kufika wiki ya sita stendi zilikuwa zimepungua gramu mia mbili na mwenye stendi alikuwa ameongezeka kilo tatu. Nilimwambia panda wewe kwenye mizani, akasema mwili si mzigo kwa sababu unajibeba wenyewe.

Wateja wakaanza kuja kusikiliza. Sisemi uongo, watu walikuwa na picha za pasi za kutosha lakini walikuja kukaa kwenye benchi. "Leo imefika ngapi, mama?" Nami nilikuwa nao, naiga anavyoinama, naiga Profesa wa Kaboni, naiga stendi inavyolala mbele ya feni. Fundi wa pancha alikuwa analia kwa kucheka. Mchagua jembe si mkulima, nikawa nawaambia, na wao wanaitikia.

Mdogo wangu naye alikuwa anapiga simu. Wiki ya tatu alisema Mama bado anatambua nyuso, ila mpaka umsogelee. Nikamsimulia kisa cha feni, tukacheka wote. Wiki ya sita akasema, "Dada, jana alimimina chai pembeni ya kikombe." Nikasema ole wetu, na huyu bwana bado yuko kwa mwokaji, hebu sikia alichofanya jana. Nikamsimulia kisa cha mawe. Alicheka kidogo. Wiki ya tisa alisema kitu, nikamjibu kwamba tumeshafika gramu elfu moja mia moja, na yeye akasema mwanawe anamwita, akakata.

Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema. Langu lilikuwa zima, nilikuwa nacheka mno.

Wiki ya kumi na moja ikaja stendi ya nne. Ilikuwa ya kaboni, nyeusi, nyembamba, na mguu wake mmoja ulifunguka kwa kuzungushwa ukawa fimbo ya kutembelea mlimani. Tuliijaribu kwenye feni, ikasimama. Ilimfika kifuani. Hata mimi niliipenda, ingawa sikusema. Tukaenda wote kwa mwokaji, maana siku hiyo nilitaka kushuhudia mwisho wa mambo.

Mizani ikasoma elfu moja thelathini na moja.

"Inazidi," mume wangu akasema.

"Inazidi nini? Gramu thelathini na moja!"

"Nilisema kilo moja." Akang'oa lebo, akapangusa vumbi, mizani ikacheza gramu moja halafu ikarudi palepale kwa kiburi. Akashusha pumzi. "Kuna nyingine ameitaja Profesa. Inachukua wiki tatu kufika."

Wiki tatu! Nilihisi kichwa kinapata moto. Mwokaji akamwita aje achague mkate, na alipogeuka nikaitazama ile stendi. Juu ya kichwa chake kulikuwa na kibao. Kibao ni kile kipande kidogo bapa unachokikaza kwa skrubu chini ya kamera, halafu ndicho kinachonasa juu ya stendi. Kina ukubwa wa kiberiti. Nikabonyeza kitufe, kikatoka, nikakitia kwenye mfuko wa aproni. Mizani ikasoma mia tisa tisini na tatu.

"Hebu rudi usome vizuri," nikamwambia. "Mlikuwa mmeiegemea."

Akarudi na mkate mdomoni. Akasoma. Akasoma tena. Akamkumbatia mwokaji, unga ukaruka, akapiga picha ya mizani na kuituma kwenye kundi, na watu mia mbili na kumi na mmoja wakampongeza. Profesa wa Kaboni hakusema kitu.

Nia yangu ilikuwa kukirudisha kibao kwenye mkoba wa kamera nikifika tu. Lakini nilikuta foleni, mtoto analia hataki kutazama mbele, na aproni ilinijaa. Nikakitupia kwenye droo ya picha ambazo wenyewe hawakuja kuchukua. Kidevu juu, usifumbe macho, mwingine aje. Kikalala humo, nikasahau.

Tulianza safari Jumamosi alfajiri. Bwana alikuwa amekata mpini wa mswaki, ameacha suruali ya pili, amekata lebo za mashati. Mwokaji alimpa mikate sita ampelekee mkwewe, na njiani akala miwili, anasema anapunguza mzigo. Kilima tulikipanda vizuri. Kusema haki alikuwa amefurahi, anatembea na ile stendi mkononi kama mtu aliyeshinda kitu, na mimi nikafurahi kwa ajili yake. Nilimwambia Mama atakupenda leo.

Kawaida ya Mama ni kutuona tukiwa bado kwenye kona ya pili. Hukaa dirishani, na akikuona tu anaanza kukusema kwa sauti kubwa: huo mwendo gani, mmekonda, mmenenepa, nani kakusuka nywele hivyo. Siku hiyo tulipita kona ya pili kimya. Tukapita ya tatu. Tukafika mlangoni tukamkuta kwenye kiti chake, amevaa gauni lake la bluu, uso ameuelekeza kwetu.

"Shikamoo Mama," tukasema.

"Marahaba. Naona vivuli viwili mlangoni. Kimoja chembamba, kingine kinene. Huyo mnene ndiye mkwe wangu?"

Nikacheka. Nilicheka kwa nguvu, nikidhani ni ile mizaha yake. Akanyoosha mkono atusalimie, na mkono ukapita katikati yetu, ukasimama hewani, ukaanza kutafuta. Ndipo kicheko kikanikauka.

Nikamvutia mdogo wangu kando. "Tangu lini?"

"Usiniulize tangu lini." Hakuwa ananitazama. "Wiki mbili zimepita. Nilikupigia siku ileile. Nilikwambia dada, leo Mama kanipapasa usoni ndipo akajua ni mimi. Wewe ukaniambia gramu elfu moja na mia ngapi sijui."

Kumbe ndicho alichokuwa amesema siku ile. Alisema na nilisikia, na sikusikia.

"Mnanong'ona nini?" Mama akauliza. "Jicho limefunga duka, masikio yapo. Pigeni picha. Nimeshavaa."

"Mama," nikasema, "lakini wewe hutaiona."

"Nyinyi si mtaiona? Haya, wapi nikae?"

Mume wangu alikuwa ameshaanza kazi, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akafungua miguu ya stendi, mmoja, wa pili, wa tatu, ikasimama mbele ya dirisha nyeusi na nzuri. Akachukua kamera, akaishusha juu ya kichwa cha stendi, ikateleza. Akaigeuza akaitazama chini. Akapapasa mkoba. Akapapasa mifuko ya suruali yake moja. Akafungua hata mfuko wa mikate.

"Kibao," akasema. Jasho lilikuwa linamtoka. "Kibao kilikuwepo. Nilikipima mimi mwenyewe."

Ningeweza kunyamaza, Mungu anajua. Angejilaumu yeye, na dunia nzima ingekubali.

"Kiko studio," nikasema. "Kwenye droo. Nilikitoa kwenye mizani ulipokwenda kuchukua mkate. Nilitaka twende."

Akanitazama. Nilitegemea apige kelele. Yeye akakaa juu ya mkoba wake wa kamera, kwa sauti ndogo akauliza, "Kwa hiyo haikuwahi kushuka chini ya kilo?"

Loo! Hapo nikapasuka. Nilisahau niko mbele ya nani. Nilimwambia hivyo ndivyo unavyouliza, mbele ya mama yangu asiyeona? Wiki kumi na moja! Wiki kumi na moja unalaza vyuma kwenye unga wa watu, unakula mikate, unabishana na Profesa ambaye hata kituo cha basi hakijui, na mama wa watu anakusubiri na jicho moja! Nilimwita majina yote, lile la mtaani na mengine mapya. Yeye aliinamisha kichwa. Mdogo wangu akatoka akasimama uani.

"Umemaliza?" Mama akauliza.

"Nimemaliza."

"Ile stendi ya chuma, ya marehemu baba mkwe wako. Ilivunjika?"

"Haikuvunjika, Mama."

"Iko wapi?"

"Studio."

"Nani anaitumia?"

"Mimi."

"Siku unapiga watu wangapi, wewe?"

"Inategemea. Wakati mwingine sitini."

"Sitini," Mama akasema. Alisema taratibu, kama anayewahesabu mlangoni mmoja mmoja. "Na bega lako lina kidonda?"

"Halina, Mama."

"Mwenzio alikuwa anapima. Ni ujinga, lakini alikuwa anaitafuta njia ya kuja. Wewe unayejua kupiga, na stendi unayo, na ndiye niliyekuzaa. Wewe ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa namcheka, Mama."

Nyani haoni kundule, nimeisema methali hiyo kwa watu mara elfu, na sikuwahi kusikia inavyouma ukiwa ndiye nyani.

Mama akapapasa kiti cha pembeni yake. "Basi umeshacheka. Njoo ukae hapa."

Nikaenda nikakaa. Mume wangu akainuka, akaenda jikoni, akarudi amebeba kinu begani. Bega lilelile lililochubuka. Ni kinu cha mti mgumu, kina uzito wa stendi ishirini za kaboni, na alikishusha mbele ya dirisha akakipindua mdomo chini. Juu yake akaweka kifuko cha maharage, akakibonyeza katikati kikafanya shimo, akailaza kamera humo. Akaigusa kwa kidole kuona kama itatikisika. Haikutikisika.

Mdogo wangu akaja akakaa upande wa pili. Mama akaweka mkono mmoja juu ya mkono wake na mwingine juu ya wangu.

"Nitazame wapi?" akauliza.

"Huku kwenye sauti yangu, Mama," mume wangu akasema. "Sekunde mbili. Tulieni kabisa."

Akapiga mara tano, akasema imetosha. Alipokuwa anakunja ile stendi yake akafungua ule mguu mmoja ili iingie vizuri kwenye mkoba, na Mama akasikia mlio.

"Hicho nini kinacholia?"

Akamwekea mguu mkononi. Mama akaupima kwa kiganja, akaupindua, akapata kishikio cha mpira akakishika. Akasimama. Akagonga sakafu mbele yake, akapiga hatua, akagonga, akaupata mguu wa meza akaupita, akakipata kizingiti, akatoka. Tulimfuata mlangoni. Alivuka uani mpaka kwenye kamba ya kuanikia nguo, akaigusa, akageuka, akarudi mwenyewe bila kushikwa. Mdogo wangu alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Aliniambia baadaye kwamba kwa wiki mbili Mama hakuwa ametoka nje bila kuvutwa kama mtoto, na fimbo ya mti aliikataa kwa sababu ilimchosha mkono.

"Nyepesi," Mama akasema, amefika. "Nyepesi kweli hii. Hapa mmechagua vizuri."

Wiki kumi na moja mume wangu alikuwa akitafuta mtu wa kumwambia maneno hayo. Aliangalia viatu vyake. "Ni yako, Mama," akasema.

Tulishuka kilima na stendi ya miguu miwili. Sikumtania, na yeye hakuipima tena, ingawa sasa ilikuwa imeshuka chini ya kilo kwa haki kabisa. Kwenye kundi amejitoa. Kwa mwokaji anakwenda kununua mkate kama watu wengine.

Picha tulizitoa mbili, kubwa kama mlango wa kabati, kama alivyoagiza. Moja mdogo wangu ameitundika mbele ya kiti cha Mama, na nikimpigia Mama ananisimulia yeye ilivyo, jinsi alivyosimuliwa. Mimi humsikiliza mpaka mwisho. Nyingine iko studio, juu ya mashine ya fotokopi, wateja wanaiona wakiingia.

Ni picha nzuri. Mwanga wa dirisha umemwangukia Mama, kila mstari wa uso wake unaonekana, hata uzi mmoja uliofumuka kwenye kola ya gauni. Uso ameugeuza kidogo pembeni, anaisikiliza sauti. Mdogo wangu ametulia. Kiti kimetulia. Upande wa kushoto pana mtu ambaye uso wake umekuwa ukungu.

Juzi mwokaji alikuja kutoa fotokopi, akaisogelea akaitazama sana. "Shemeji, picha imetoka," akasema. "Ila huyu wa kushoto mbona amefutika? Ni nani aliyetikisika?"

Mume wangu akawahi kujibu. "Stendi ilikuwa mbovu," akasema.

"Stendi ilikuwa kinu," nikasema. "Aliyetikisika ni mimi."